Shukrani kwa Waliomchangia Baba Yetu Matibabu ya Mgongo

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, ndugu na wajukuu wa mzee wetu, fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tunawashukuru nyote mlioitikia mwito wa mchango wetu, kwani baba amekwisha kupasuliwa huko Mombasa na sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake.

Wengi mlitoa bila kuuliza maradhi yenyewe, nasi tunaona mna haki ya kuyajua. Njia ipitayo mishipa ya fahamu ndani ya pingili za kiuno ilikuwa imebanwa na mifupa na kano zilizonenepa kwa umri, hata miguu ikamfa ganzi na kumwaka moto kila alipotembea kidogo, akapata nafuu alipoketi au kuinama. Hilo ndilo lililotupoteza: mtu aliyeweza kuinamia mbao asubuhi kutwa, lakini asifike gatini bila kupumzika, tulidhani amechoka tu. Daktari alimwondolea sehemu ya mfupa wa nyuma wa pingili mbili ili mishipa ipate nafasi. Tunakiri kwamba tulichelewa kwa kuogopa maneno ya barazani, kuwa apasuliwaye mgongo hainuki tena. Upasuaji huo una hatari zake, na daktari hakutuficha, ila kungoja nako kulikuwa kukiulegeza mguu wa kulia.

Tunamshukuru nahodha aliyetuvusha hadi Mokowe bila nauli, akienda taratibu ili chombo kisimtikise mgonjwa. Kina mama waliotoa fedha za mikeka yao. Vijana waliojitolea damu. Jamaa wa Malindi waliotulaza wakati wa kurudi, kwa kuwa baba hakuweza kukaa garini safari nzima. Na mafundi wenzake walioendeleza jahazi lake. Hesabu ya michango iko kwa mweka hazina wa kamati, na yeyote aitakaye ataonyeshwa. Kilichosalia kinalipia mazoezi ya viungo.

Wanaokuja kumjulia hali tunawaomba wasimkalishe barazani muda mrefu, wala wasimletee ubao aukague, maana ameshaulizia tezo yake ya kuchongea mbao mara tatu, nasi tumeificha.

Wenu,
Familia ya mgonjwa, Matondoni, Lamu.