Barua kwa Mwanangu: Lafudhi Yako Usiiache

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Juzi uliponipigia nilikuwa gatini, winchi zinanguruma, sikuweza kukujibu vizuri. Ulisema huombi tena kazi za ubalozi, kwa kuwa kwenye usaili walikucheka unavyotamka, na mwenzako akakuuliza mjomba wako ni nani serikalini. Limeniuma sana.

Kile kitabu cha Fiona Hill, mtaalamu wa mambo ya Urusi, ulichokiacha mezani nimekimaliza, kamusi pembeni. Mama huyu kazaliwa 1965 Bishop Auckland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Baba yake aliingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 14. Migodi ilipofungwa akawa mbeba wagonjwa hospitalini. Mzee alitamani kuhamia Marekani, akashindwa kumwacha mama yake mgonjwa. Lakini binti yake alimhimiza aondoke, akamwambia: hapa hakuna chako. Pale nilifunga kitabu kwanza. Najua mzazi anavyofika mahali pa kusema hivyo.

Kwenye usaili wa kujiunga Chuo Kikuu cha Oxford walimcheka lafudhi na nguo zake. Akasoma Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland, akasoma Moscow, kisha Harvard, Marekani, na mwaka 2017 akaingia Ikulu ya Marekani kushughulikia Urusi na Ulaya. Novemba 2019 alitoa ushahidi mbele ya Bunge lao kwa lafudhi ileile ya kwao, akasema wazi kwamba Uingereza ya ujana wake ingemkwamisha kwa lafudhi hiyo.

Ninachompendea zaidi, hajidai kwamba alipanda peke yake. Enzi zile mtoto wa maskini Uingereza alisoma chuo kikuu bila ada, tena akapewa ruzuku ya kujikimu. Anaandika kwamba ngazi hizo zikiondolewa watu hukata tamaa, na kwamba ameliona hilo Urusi, Marekani na kwao pia. Basi mkopo wa Bodi ya Mikopo uliokusomesha usiuonee haya hata kidogo. Ni haki yako. Na Mkapa alitoka Lupaso, kwetu kule Masasi, akawa balozi, akawa waziri wa mambo ya nje kabla ya urais.

Nafasi zikitangazwa tena, omba. Vyeti vyako mama yako kaviweka kwenye bahasha kabatini. Nakala nitazipeleka mimi mwenyewe kwa wakili zigongwe muhuri, Jumamosi nikitoka zamu ya usiku. Wewe andika barua ya maombi, unisomee kwenye simu kabla hujaituma.

Baba yako