Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu wa Kwanza Bila Flashi

Assalaam aleykum wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango.

Katibu keshasoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na Mweka Hazina atazisoma hesabu nikishakaa. Mimi muda wangu nauweka kwenye jambo moja mliloliamua wenyewe mwaka jana, kwa mabishano yaliyotukalisha hapa mpaka adhana ya magharibi: chama chetu hiki cha taarab hakipandi tena jukwaani na flashi, yaani muziki uliorekodiwa ambao mwimbaji huimba juu yake. Iwe harusi, iwe Sikukuu, iwe hafla ya wakubwa, tunapiga laivu. Pasipowezekana kupiga laivu, hatuendi.

Waliopinga hawakuwa na nia mbaya, na hoja yao mwaka huu imetuchoma kweli. Kikundi kizima kina wapiga fidla, kanuni, udi, kodiani, chelo, besi, ngoma ya dumbaki na rika, ile tari ndogo, pamoja na waitikiaji. Kuwapeleka watu wote hao Makunduchi au Nungwi ni gari, ni chakula, ni kurudi mjini alfajiri. Mwimbaji mwenye flashi mfukoni anapanda daladala peke yake. Familia inayobana matumizi ya harusi itamwita nani? Mialiko imepungua, na Mweka Hazina atawaonesha kwa kiasi gani. Sitaki mtu aseme Mwenyekiti kaficha.

Lakini kumbukeni kilichotufikisha hapa. Tulikuwa kwenye harusi shamba, mwaka juzi. Mwimbaji wetu anaimba juu ya muziki uliorekodiwa, na sisi wachache tuliokwenda tumekaa nyuma yake na ala mapajani kama watu tuliokuja kupigwa picha. Ubeti wa tatu ukafika kwenye mshororo wa mtu aliyestahamili mpaka riziki yake ikamfikia. Mama mmoja akanyanyuka safu ya mwisho kuja kutunza. Mwendo wa kutunza mnaujua. Noti iko juu baina ya vidole viwili, mtandio umewekwa sawa, mguu unafuata dumbaki, na ukumbi wote unatazama: leo kapata nini huyu, na anamwambia nani? Yule mama alikuwa na neno lake, na mshororo ule ndio uliokuwa ukimsemea. Kufika katikati ya ukumbi, flashi imeshaingia kwenye kiitikio. Akasimama. Akamtazama mwimbaji, na mwimbaji hakuwa na la kufanya. Akaikunja noti, akarudi kukaa.

Mimi siku ile nilirudi nyumbani nikiona tumemdhulumu mtu.

Sasa niwapeleke Sikukuu ya Pili mwaka huu, kwa wale ambao hawakuwapo. Nilikuwa nimeshika rika, upande wa kushoto, kwa hiyo niliona yote. Bibi mmoja mwenye bakora aliinuka mbali kabisa, wajukuu wakataka kumshika mkono, akawakatalia. Mpiga kanuni wetu ndiye aliyemwona mwanzo. Hakusema neno, aliinua kidevu tu kumwashiria fidla wa kwanza. Mwimbaji akaurudia mshororo. Dumbaki likashuka, likawa la kugusagusa kwa ncha za vidole. Mshororo ukarudiwa tena, na tena, kila mara mwimbaji akiugeuza kidogo, mara akiuvuta, mara akiukatisha nusu na kuwaachia waitikiaji waumalizie. Nilihesabu mara sita. Bibi anakuja, bakora, hatua, bakora, hatua, na watu mia kadhaa wamenyamaza wakimpisha. Alipofika hakutoa pesa kwanza. Alimshika mwimbaji kifundo cha mkono, akauimba mshororo ule yeye mwenyewe, kwa sauti nyembamba isiyofika hata kwenye maikrofoni. Kisha akatunza. Fidla zikapanda zote kwa pamoja, na sijui kama yupo kati yetu ambaye macho yake yalibaki makavu.

Wanachama wenzangu, hilo ndilo tunalouza. Flashi haiwezi kumngoja mtu mwenye bakora.

Isieleweke kwamba chama kina ugomvi na kurekodi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikamfikisha pwani nzima, katika nyumba ambazo mguu wake usingefika. Lakini sauti ile ilikomaa kwenye mabaraza, mbele za watu. Na ukirudi nyuma zaidi, wakati wa Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, muziki huu uliletwa kutoka Misri ukapigwe mbele ya msikilizaji aliyekaa anasikiliza. Wenzetu wa kikundi cha Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, na wa Culture Musical Club tangu 1958. Hawakudumu kwa santuri peke yake. Wamedumu kwa sababu Sikukuu ikiingia watu wanajua watatoka waende wapi.

Kuhusu hoteli, najua mnasubiri nilitaje. Ni kweli tulikwenda kupiga kwenye hoteli moja ya pwani, watu watano, mara kadhaa. Msimamizi alituomba tupige polepole wageni wale vizuri. Tulipiga, na heshima tulipewa, sisemi vingine. Lakini hakuna aliyenyanyuka, hapakuwa na wa kumngoja, na nyimbo zilikwisha mapema kuliko kawaida yake bila sisi wenyewe kukusudia. Kamati imeona tuendelee, kwa sababu pesa ile ndiyo iliyonunua nyuzi za kanuni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, madukani kwetu hazipatikani, na unyevu wa bahari hauzihurumii. Mara hii tuliletewa kutoka Cairo na jamaa wa mwanachama mwenzetu aliyekuwa akisoma huko, zikiwa zimefungwa ndani ya soksi. Tunamshukuru sana.

Nakuja kwa vijana. Tumepokea wanafunzi wanne wa fidla, watatu wao wasichana, na mmoja tayari alikuwa amepitia chuo cha muziki cha DCMA, kile kilichoanzishwa 2002. Huyo anasoma nota kuliko sisi sote. Bashrafu, ule muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, tuliyokuwa tukiipiga kwa kubahatisha mwisho wake, yeye kaiandika yote, na sasa tunaimaliza pamoja. Hilo ni jema kubwa. Shida ilijitokeza kwenye mazoezi: karatasi ikisema ubeti umekwisha, kwake umekwisha. Mwalimu wetu wa fidla, ambaye hajapata kusoma nota hata moja maishani mwake, hakumkemea. Alimnyang'anya karatasi kwa upole akaiweka chini ya kiti, kisha akamwambia mpishi wetu wa chai atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye jukwaa akiwa na kijiko mkononi badala ya noti, na asitembee kwa kasi moja. Mara akimbie, mara asimame kufunga kiatu. Wanafunzi wapige huku wakimtazama yeye. Zoezi hilo limefanyika wiki nzima, na mpishi wa chai kalipenda kupita kiasi. Nimeomba liwe sehemu ya mafunzo yetu rasmi.

Maombi yangu kwenu ni machache. Ada zilipwe kabla ya Rajabu, maana Shaaban ndiyo yenye harusi nyingi na gari lazima lilipiwe mapema. Fidla mbili zinahitaji nywele mpya za upinde. Na mwanachama anayealikwa harusini kwa jina lake, akaombwa aje na flashi, namsihi asiende kwa sare ya chama. Sina uwezo wa kumzuia kutafuta riziki, wala sitaki, ila sare ile watu wanaijua.

Mazoezi yanaanza tena Jumatano baada ya isha. Mpiga besi mpya bado hatujampata, na besi ya marehemu iko palepale pembeni, imefunikwa shuka yake. Anayemjua kijana mwenye sikio na subira amlete, hata kama hajawahi kuigusa.