Harambee ya mtungi wa maabara, Jumapili tusikose

Bwana asifiwe ndugu zangu wa hapa Nkuhungu, Dodoma, na nyie mliohamia Dar na Mwanza ila bado kwaya mnaiita yetu. Jumapili hii baada ya ibada ya pili tuna mnada wa mavuno, na safari hii hela haiendi kwenye bati wala spika, inaenda kununua mtungi wa kuoteshea bakteria bila hewa, kwa maabara ya hospitali tunayotibiwa wengi wetu.

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikatunga usaha unanuka vibaya sana, wakachukua kipimo cha kuotesha bakteria, siku ya tatu jibu likaja hakuna kilichoota. Hakuna vipi wakati harufu tunaipata tangu mlangoni? Akachomwa jenta (gentamicin, sindano ya kuua bakteria) wiki nzima, homa ipo palepale. Baadaye ndo daktari mmoja akanifafanulia kwamba kuna bakteria hawataki kabisa hewa, kama Bacteroides, makazi yao ni utumbo na njia ya uzazi, oksijeni ikiwakuta wanakufa, kwa hiyo usaha ule uliopakwa kwenye pamba ulifika maabara wadudu wameshakufa. Na jenta haiwawezi, maana yenyewe bila oksijeni haipenyi ndani ya bakteria. Alipobadilishiwa flajili (metronidazole), siku ya pili akakaa kitandani akaomba uji.

Ila flajili nayo kuna bakteria walioshaizoea, na sisi tunainunua dukani kama pipi jamani. Lazima wapimwe!

Tunanunua mtungi unaofunga kabisa, pakiti za kunyonya oksijeni, sahani za kuoteshea zenye damu na vidisiki, yaani vikaratasi vya duara vyenye dawa. Usaha unavutwa kwa bomba la sindano, unawahishwa maabara, unaoteshwa mtungini kama siku mbili, halafu bakteria wanawekewa vidisiki wanarudishwa humo, joto la nyuzi 35 hadi 37, kwa muda wa saa 16 hadi 20, ndo wanapima kwa rula duara lisiloota kitu kuzunguka kila kidisiki, wajue dawa ipi imewazuia. Pakiti ukishaifungua imetumika, hairudiwi, ndo maana naomba pia ahadi za kila mwezi.

Leteni debe la karanga, alizeti, kuku, trei la mayai, mwenye buku mbili karibu sana, wa mbali namba ya mhazini mnayo kwenye grupu. Risiti zote tutabandika ubaoni kanisani. Mdogo wangu kaahidi mbuzi, na mtoto anakuja naye.