Mpiga gitaa apange sauti kwa kazi, si kwa wimbo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wapiga gitaa, kamati za kwaya na mafundi mitambo wa Arusha na Moshi. Desemba ndiyo hiyo inakuja, wenyeji wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani, na harusi, sendofu na ibada za sikukuu zitafuatana bila nafasi ya kupumua. Siku hizi wengi wameacha kubeba ampli nzito na kununua prosesa, ile mashine ya sakafuni inayoiga ampli, spika na efekti zake (vionjo vya sauti kama mwangwi), kisha waya wake unaingia moja kwa moja kwenye miksa. Uamuzi huo ni mzuri. Kinachoharibu kazi ni namna sauti zinavyopangwa ndani ya mashine, na mara nyingi kosa ni lile lile: programu moja, yaani seti ya sauti iliyohifadhiwa, kwa kila wimbo.

Mpango huo unamfaa anayepiga nyimbo 12 zilizoandikwa kwenye karatasi na ambazo mfuatano wake haubadiliki. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Kiongozi wa sifa anaunganisha mapambio matano bila kusimama, na la sita analianzisha kabla la tano halijaisha. Ukumbini mshereheshaji anaita maharusi waingie, na bendi inatoka kwenye rhumba taratibu kwenda kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, papo hapo. Anayeinama kutafuta programu namba 47 ameshaachwa.

Gitaa lina kazi chache tu: rithimu safi, rithimu nzito, solo, chemko, na sauti laini ya kusindikiza maombi. Zote ziwekwe ndani ya programu moja, kila moja ikiwa hali yake. Kwenye prosesa ya Helix ya kampuni ya Line 6 hali hizo huitwa snapushoti na kila programu ina 8. Kwenye FM3 na FM9 za Fractal huitwa sini, nazo ni 8 vilevile. Tofauti yake na kubadilisha programu ni kubwa. Ukihama programu, prosesa inaondoa ampli na efekti zote na kupakia nyingine. Kwenye mashine nyingi sauti hukatika kwa sehemu ya sekunde, na mwangwi uliokuwa unafifia hupotea ghafla. Ukihama hali, kila kitu kimeshapakiwa. Kinachobadilika ni efekti ipi iwake, ipi izimwe, na viwango vyake. Mwangwi wa solo unaendelea kufifia huku wewe umesharudi kwenye rithimu.

Gharama yake ni nguvu ya prosesa, maana vyote lazima vienee kwa pamoja. Usilazimishe ampli mbili. Ampli moja safi ikitanguliwa na kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti) na odraivu moja (inayoikwaruza sauti), kisha ikafuatiwa na spika, korasi (inayoinenepesha sauti), dilei (mwangwi unaorudia pigo) na riveba (mvumo wa ukumbi), inatosha kwa kwaya na kwa dansi. Pedali ya volyumu ikae baada ya ampli na kabla ya dilei. Ikikaa mbele ya ampli, kila unapoipunguza unapunguza na ukali wa odraivu.

Swichi za mguu zina mpangilio wake. Mstari wa chini, ulio karibu na kiatu, uwe wa hali. Mstari wa juu uwe wa efekti za hapa na pale. Mguu huzipata swichi za pembeni bila msaada wa macho, kwa hiyo rithimu safi iende mwisho wa kushoto na solo mwisho wa kulia. Jirani ya solo isiwe swichi ya kutyuni, kwa sababu kwenye mashine nyingi tyuna inazima sauti: ukikosea kwa sentimeta mbili tu, solo inaanza kwa ukimya mbele ya kanisa zima. Bandika selotepu ya karatasi juu ya kila swichi na uandike kwa kalamu nzito SAFI, NZITO, CHEMKO, SOLO. Mpango uwe huo huo kwenye kila programu, hata ukiwa na programu ya gitaa la pili.

Wenye Helix waangalie mpangilio mmoja ambao wengi hawaufahamu, unaoitwa Snapshot Edits. Ukiwa kwenye Recall, mabadiliko uliyofanya kwa mguu yanabaki: ukiongeza dilei kwenye solo kisha ukaondoka, ukirudi dilei bado ipo. Ukiuweka kwenye Discard, kila hali inarudi kama ulivyoihifadhi. Kwa mapambio yasiyo na ratiba, Discard ndiyo salama.

Sasa usawa wa sauti, ambao ndio unaoleta malalamiko mengi kanisani. Sikio la binadamu kwa sauti ndogo husikia besi na sauti kali, yaani nyembamba za juu, kwa udhaifu. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Anayepanga sauti chumbani kwa hedifoni huongeza besi na ukali mpaka aridhike, na Jumapili gitaa linavuma na kutoboa masikio kwa wakati mmoja. Panga ukiwa na spika za ukumbi, kwa sauti ya ibada, na ngoma na besi vikipigwa. Kata chini ya hezi 80 hadi 100, na juu ya kilohezi 7 hivi. Anza na rithimu safi iwe kipimo, kisha solo iizidi kwa desibeli 3. Ongezeko hilo liwekwe mwisho wa mnyororo wa efekti, si kwenye geini ya ampli (nguvu ya sauti inayoingia), kwani geini huongeza mkwaruzo na kubana sauti, na solo inazama badala ya kupanda. Ukumbi ukibadilika, gusa ikwaliza ya mashine nzima na uziache hali zako zilivyo.

Dilei ya chemko iwe fupi, milisekunde 100 hivi na irudie mara moja, au izimwe kabisa. Kwa mwendo wa midundo 130 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 462 hivi. Waimbaji wakiongeza kasi, na huongeza kila mara, dilei ndefu iliyopimwa kwa pigo hilo inapigana na ngoma.

Kwa kamati zinazonunua swichi za mguu zinazosimama peke yake: hakikisheni prosesa ina tundu la MIDI, njia ya vyombo vya muziki kupeana amri, kama swichi ilivyo nalo. Vifaa viwili vyenye USB ya kuunganishwa kwenye kompyuta kwa kawaida havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Waya wa MIDI unatoka OUT unaingia IN, na chaneli, kati ya 16 zilizopo, lazima ilingane pande zote mbili. Mkiona mnabonyeza 5 inakuja 6, mashine hazijaharibika. Moja inahesabu programu kuanzia 0 hadi 127, nyingine kuanzia 1 hadi 128.

Mafundi mitambo nao tunawaomba mambo machache. Prosesa ikiingia kwenye miksa, kiigizo cha spika kiwe kimewashwa, la sivyo gitaa linalia kama nyuki; ikiingia kwenye ampli ya gitaa, kizimwe. Zimeni volti 48, umeme wa kulisha maiki, kwenye chaneli hiyo. Mkichukua waya mmoja tu, mpiga gitaa atumie tundu la kushoto lililoandikwa MONO na la kulia libaki tupu, vinginevyo dilei inayorukaruka pande mbili itasikika nusu. Umeme unapokatika na jenereta kuwaka, prosesa inaanza upya na bendi inasubiri, hivyo UPS ndogo (betri ya akiba) jukwaani ni ya lazima kama waya wa maiki. Na kabla ya ibada mpeni mpiga gitaa dakika 20 apite hali zake zote huku ninyi mkiweka geini ya chaneli kwa kufuata solo, iliyo kubwa kuliko zote. Mkiiweka kwa rithimu, solo itapasua.

Wapiga gitaa wa kwaya na bendi,
Sakina, Arusha