Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: anayeuguza naye ni mwanafunzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima, kisha uniruhusu niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie hadharani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi wa ujenzi hapa Dar es Salaam, na tangu Machi mwaka jana namuuguza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, ambaye kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumwachia maneno machache sana. Siandiki kuomba mchango wa matibabu wala kumshtaki mtu. Naandika kwa sababu kanuni za masomo nilizokutana nazo zinamjua mwanafunzi anayeumwa na mwanafunzi aliyefiwa, lakini aliye katikati ya hao wawili, yaani yule anayeuguza, hazimjui kabisa.

Kumuuguza mtu wa kiharusi nyumbani ni kazi yenye ratiba kali kuliko ya chuo. Mama hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Uji wake hupikwa mzito kidogo, kwa sababu mwepesi hukimbilia njia ya hewa. Huketishwa wima kwa mito miwili mgongoni, hulishwa kwa kijiko cha chai upande wa mdomo ulio mzima, na kila funda nasubiri nione koo limepanda na kushuka ndipo nimpe jingine. Kikombe kimoja huchukua dakika arobaini. Nikiharakisha kwa kuwa nina kipindi saa mbili asubuhi, anapaliwa, na akipaliwa safari ya chuo siku hiyo imekwisha. Kaka zangu wawili wako mikoani wanatafuta maisha na kila mwezi hutuma pesa ya dawa na pampasi, jambo ninalowashukuru kwa dhati, ingawa sitaficha kwamba siku ukoo ulipokaa hakuna aliyeuliza nani atabaki na mama: mtoto wa kike yupo, tena anasoma hapa hapa mjini. Mama mdogo hunipokea zamu siku tatu kwa wiki, na hizo ndizo siku ninazohudhuria masomo.

Muhula uliopita kikundi chetu kilimwaga zege katika michemraba ya milimita 150, tukaizamisha majini ili mingine ivunjwe kwa mashine siku ya 7 na iliyobaki siku ya 28, tupime nguvu yake. Zege halina udhuru. Siku ya 28 ikifika, imefika. Asubuhi hiyo mama alipaliwa, midomo ikaanza kubadilika rangi, nikakodi bajaji hadi zahanati, na wenzangu waliponipigia simu kuuliza niko wapi nilikuwa kwenye benchi nimemshikilia kichwa. Michemraba ikavunjwa bila mimi. Ripoti yangu ilipata sifuri kwa kuwa jina langu halikuwa na saini kwenye daftari la maabara, na mkufunzi, ambaye naamini hakunionea, aliniambia hana kifungu cha kunisaidia.

Ndipo nilipokwenda kuomba kuahirisha mwaka. Fomu niliyopewa ilikuwa na sababu tatu za kuchagua: ugonjwa, msiba na kukosa ada. Nikaweka alama kwenye ugonjwa na kuambatanisha barua ya daktari. Karani aliisoma taratibu, akaniuliza kama mgonjwa ni mimi. Nikamjibu kwamba mgonjwa ni mama. Akanirudishia karatasi zangu akisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Basi dada, wewe hujaumwa. Likitokea la kutokea, utaleta cheti." Nilitoka pale na wazo ambalo hata sasa naona haya kuliandika, Mungu apishe mbali: kwamba huruma ya chuo ningeipata siku mama angezikwa.

Sidhani kama dosari hii ni ya vyuo peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, lakini mzazi alitajwa kwenye kifo tu. Wakati huohuo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Basi familia hiyo ni akina nani, Mheshimiwa Waziri, kama si pamoja na binti aliyeko mwaka wa tatu wa chuo kikuu? Kadi yangu ya bima ya mwanafunzi, niliyoilipia shilingi 50,400, inanitibu mimi niliye mzima.

Ushauri ninaopewa mara nyingi ni kuacha kwa muda, mama akipata nafuu nirudi. Ni ushauri wa watu wanaonitakia mema, lakini wengi hawajui kwamba mwanafunzi wa mkopo akiahirisha mwaka, na bumu nalo, yaani posho ya kujikimu, husimama, zile shilingi 10,000 za siku ambazo Serikali iliongeza kutoka 8,500 mwaka 2022 na ambazo nyumbani kwetu hununua chakula cha watu wawili. Isitoshe, kiharusi hakitoi tarehe ya nafuu. Wengine huniambia nihamie Chuo Kikuu Huria, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye majukumu kama yangu, nami nakiheshimu, lakini mtu aliyekwisha kumaliza miaka miwili ya fani ya maabara akiambiwa aanze upya kwingine, hapo hajasaidiwa, ameondolewa kwa adabu.

Ninachokiomba ni kidogo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza hubeba krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, yaani saa 1,200 kwa mwaka. Naomba Wizara yako iielekeze Tume itoe mwongozo kwa vyuo vyote unaomtambua mwanafunzi anayeuguza ndugu anayemtegemea, ili kwa kipindi kitakachothibitishwa aruhusiwe kubeba nusu ya krediti hizo bila kufutiwa usajili, jaribio au zoezi la maabara alilokosa kwa dharura ya mgonjwa lifidiwe kama linavyofidiwa la mwanafunzi aliyeugua mwenyewe, na Bodi ya Mikopo iendelee kumlipa kwa kiwango cha krediti anazosoma. Hakuna jengo la kujenga hapa. Ombi hili haligusi hata shilingi moja ya zile dola milioni 425 za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu.

Najua litakuja swali la udanganyifu, na ni swali la haki, kwa maana sisi wanafunzi tunajuana. Lakini njia ya kuthibitisha ipo tayari. Anayeomba mkopo kwa sababu mzazi wake ana ulemavu hupeleka fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na Bodi huipokea. Karatasi hiyohiyo, ikiongezewa barua ya afisa ustawi wa jamii wa kata anayeweza kufika nyumbani na kumkuta mgonjwa kitandani, ingetosha pia mezani kwa mkuu wa idara. Wizara nayo si ngeni katika kufungua mlango kwa maandishi: Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwarudisha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, ambao kwa miaka mingi waliambiwa kwamba kanuni haziruhusu.

Mwezi ujao tunajisajili tena. Mama sasa anaweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, ingawa uji mwingi huishia kwenye kanga, na daktari ameniambia mazoezi ya viungo yasikatishwe. Fomu niliyorudishiwa bado ninayo, ndani ya daftari la maabara. Nikilazimika kuijaza tena, ningependa nikute mahali pa kuandika kwamba namuuguza mama, nisije nikaweka tena alama kwenye ugonjwa usio wangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, mwaka wa tatu,
Dar es Salaam.