Ruhusa za akaunti ya blokucheni: kwa nini ufunguo mmoja usibebe kazi zote

Wateja wengi wanaotufikia wakiwa na akaunti kwenye blokucheni (daftari za kidijitali za miamala zinazotunzwa na kompyuta nyingi) za familia ya EOSIO, iliyoitwa Antelope tangu 2022, kama vile EOS (iliyobadilishwa jina kuwa Vaulta mwaka 2025), WAX na Telos, huja na swali moja la haraka: mfanyakazi aliyekuwa akishika ufunguo wa akaunti ameondoka kazini, nao wanataka kujua kama bado anaweza kuhamisha fedha zao. Kabla ya kujibu huwa tunaomba jina la akaunti tu, kwa kuwa mpangilio wa ruhusa ni jambo la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwa amri moja ya cleos, programu ya kuandikia amri za blokucheni hizi. Katika mfano huu akaunti tumeiita dukaletu1234:

cleos get account dukaletu1234

Mara nyingi majibu huonyesha ruhusa mbili, owner na active, zote zikiwa chini ya ufunguo uleule wa umma, yaani nusu ya ufunguo inayoonekana na wote; nusu ya siri, ufunguo binafsi, ndiyo inayosaini miamala. Hatumlaumu mteja kwa hilo, kwa sababu amri ya kufungua akaunti inakubali kupewa ufunguo mmoja, na ikipewa mmoja huutumia kwa ruhusa zote mbili bila kutoa onyo lolote. Hata hivyo madhara yake ni makubwa. Ruhusa ya active inatosha kutuma fedha, kununua RAM (nafasi ya kuhifadhi data kwenye blokucheni) na hata kujibadilisha yenyewe, lakini haiwezi kuigusa owner, ambayo ndiyo mzazi wake. Funguo zikiwa tofauti, aliyeiba ule wa active anaweza kuvuliwa mamlaka kwa kutumia ule wa owner. Zikiwa sawa, aliyeondoka anaweza kubadilisha zote mbili usiku mmoja na kumwacha mwenye mali nje, wala hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko ili akaunti irudishwe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutenganisha hizo mbili, na ufunguo binafsi wa owner kuhifadhiwa mahali pasipounganishwa na intaneti. Hatua ya pili, ambayo ndiyo tunayoisisitiza zaidi, ni kuacha kutumia active kwa kazi za kila siku. Mfumo unaruhusu kuunda ruhusa ndogo chini ya active, ukaipa ufunguo wake, kisha ukaifunga kwenye kitendo kimoja tu cha mkataba mmoja, yaani programu inayoendeshwa kwenye blokucheni. Tuseme mhasibu anahitaji kulipa wauzaji na hahitaji kingine chochote:

cleos set account permission dukaletu1234 malipo UFUNGUO_WA_UMMA active -p dukaletu1234@active

cleos set action permission dukaletu1234 eosio.token transfer malipo -p dukaletu1234@active

Amri ya kwanza inaunda ruhusa iitwayo malipo, na ya pili inaeleza kwamba kitendo cha transfer (kuhamisha) kwenye mkataba wa eosio.token, unaotunza tokeni, kinaweza kusainiwa kwa ruhusa hiyo. Bila ya pili, ufunguo wa mhasibu haufungui chochote, na wateja kadhaa wametupigia simu wakidhani mfumo umeharibika kumbe waliishia kwenye amri ya kwanza. Siku mhasibu akiondoka, ruhusa hiyo hufutwa, ila ni lazima kwanza ifunguliwe kutoka kwenye kitendo kwa kurudia amri ya pili na kuandika NULL mahali pa jina lake, kwa sababu mfumo unakataa kufuta ruhusa ambayo bado imefungwa mahali.

Tunawajibika kusema wazi kwamba ruhusa ya namna hii haiweki kikomo cha kiasi wala cha mpokeaji. Mwenye ufunguo wa malipo anaweza kuhamisha salio lote la tokeni za mkataba huo kwa muamala mmoja. Ndiyo maana tunawashauri wateja wafungue akaunti ya pili ya matumizi, waweke humo fedha za wiki moja, na ruhusa ya malipo iwe kwenye akaunti hiyo badala ya ile yenye akiba.

Akaunti yenye akiba inastahili kulindwa na watu zaidi ya mmoja. Waliowahi kukaa kwenye kikao cha vikoba wanalifahamu sanduku lenye kufuli tatu, ambalo halifunguki mpaka wenye funguo wote watatu wawepo. Hapa kuna nafasi ya kulegeza kidogo: kila mkurugenzi hupewa uzito wa 1, kizingiti, yaani jumla ya uzito inayohitajika, kikawekwa kuwa 2, na wawili wowote kati ya watatu wakatosha, hivyo mmoja akiwa safarini au akipoteza ufunguo kazi haisimami. Mamlaka hayo huandikwa kwenye faili la JSON (muundo wa maandishi unaosomwa na kompyuta), na majina ya akaunti lazima yapangwe kwa mfuatano sahihi, la sivyo amri hukataliwa.

Kwa kuwa muamala wa kawaida uliotumwa kwa cleos huisha muda wake baada ya sekunde 30, wakurugenzi walio miji tofauti hawawezi kuusaini kwa kupokezana. Hutumia mkataba wa eosio.msig, wa kukusanya idhini za watu kadhaa: mmoja (hapa mkurugenzi12) anaweka pendekezo (hapa badilisha), wengine wanalikagua, wanaliidhinisha, kisha linatekelezwa.

cleos multisig review mkurugenzi12 badilisha

cleos multisig approve mkurugenzi12 badilisha '{"actor":"mkurugenzi11","permission":"active"}' -p mkurugenzi11@active

Tunaomba sana hatua ya kukagua isirukwe. Anayeidhinisha pendekezo kwa kuamini jina lake tu anatia sahihi barua asiyoisoma.

Kuna kosa moja tulilolifanya wenyewe, nasi tunalieleza ili lisimpate mwingine. Tulibadilisha active ya akaunti iliyokuwa na mkataba mahiri wa kulipa washindi wa mchezo, tukaweka funguo mpya, na kila kitu kikaonekana sawa. Asubuhi iliyofuata malipo yalikuwa yamesimama. Sababu ni kwamba kubadilisha ruhusa hakuongezi juu ya kilichokuwepo, bali hufuta mamlaka yote ya zamani na kuweka mapya mahali pake, na miongoni mwa yaliyofutwa ilikuwamo eosio.code, ambayo huuruhusu mkataba kutuma fedha kwa jina la akaunti yake. Ilirudishwa kwa amri fupi:

cleos set account permission dukaletu1234 active --add-code

Tangu siku hiyo hatugusi ruhusa yoyote kabla ya kuhifadhi nakala ya majibu ya get account, na baada ya badiliko tunalinganisha nakala mbili mstari kwa mstari mbele ya mteja.

Mteja anayetaka tumsaidie atutumie jina la akaunti na maelezo ya nani anafanya kazi gani. Asitutumie ufunguo binafsi wala nenosiri la pochi (programu inayotunza funguo), hata tukichelewa kujibu na hata mtu akipiga simu akidai ametoka kwetu. Amri tunaziandaa sisi, lakini zinaandikwa kwenye kompyuta ya mteja, na pochi anaifungua yeye mwenyewe.