Swali la jana la wastani

Habari za jioni, jamaa. Lile swali la jana: nambari tatu kamili, zote chanya, hazifanani, wastani wake ni upi? Kauli ya kwanza: iliyo kubwa zaidi ni 3. Ya pili: jumla yake ni shufwa.

Kauli ipi yatosha kutupa jibu? Wengi mmejibu C, yaani zatosha zikiwa pamoja tu. Hebu tulieni. Chini ya 3 kuna nini? 1 na 2 basi, wastani ni 2. Ya pili pekee haitoshi: 1, 2, 3 yakubali, na 1, 2, 5 pia. Jibu ni A: ya kwanza pekee yatosha. (Hata mimi lilinipiga chenga, nikiwa kwenye feri ya Likoni.) Sasa futeni neno "hazifanani": jibu laenda E, yaani hata zote mbili pamoja hazitoshi.

Jumamosi saa kumi, Mwembe Tayari. Kahawa na kaimati nalipa mimi.